Nilikataa Kuonja Sabuni ya Ndugu Yangu

Bandugu basomaji, niko na miaka ishirini na nne. Kwetu ni Kindu, kule Maniema, lakini nilizaliwa Buyenzi, kule Bujumbura, na sasa ninakaa hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi, karibu na Dowa, Malawi. Jina langu Ramazani. Hapa hakuna anayeniita vile. Bananiita Radiyo. Juu ya nini? Juu mi sijui kunyamaza! Nikianza kusema, hata jogoo anangojea zamu yake.

Shule niliiacha mapema. Kizungu nilijifunza mi mwenyewe na diksionere moja ya zamani niliyookota njiani. Haikuwa na jalada, na kurasa za mbele zilikuwa zimepasuka. Ilianzia herufi C. Maneno yote ya A na ya B mi sikuwa nayo... Mulikuwa munaweza kunicheka, na bantu balinicheka kweli. Lakini na ile ile diksionere niliandika barua iliyofungulia bamama saba mulango wa kazi. Na mulango ule ule niliufunga na mudomo wangu.

Ninaandika haya si juu munihurumie. Ninaandika juu kuna mutoto mumoja hapa kambini, na kila akigeuza kichwa kuniangalia, roho yangu inakatika vipande viwili.

Nianze na Yaya Assumani. Yaya, kwa sisi ba Kindu, ni ndugu mukubwa. Yeye ni mutoto wa baba yangu mukubwa. Tulipokimbia Bujumbura tulikuwa batatu: yeye, mi, na dada yangu mudogo Mwamini. Katikati ya Kigoma na Mbeya malaria ilinishika, nikaanguka chini kama gunia. Bantu bakasema muache huyu, atakufa leo. Yaya Assumani akaniweka mugongoni. Siku mbili! Viatu vyake viliisha, akatembea bila viatu. Mwamini alimuambia, "Yaya, pumzika." Akajibu, "Nikimuweka chini sitakuwa na nguvu ya kumuinua tena."

Muntu kama ule, bandugu... we unaweza kumuangalia na jicho la mashaka? Mi sikuweza. Muntu akisema jambo baya juu ya Yaya, nilikuwa ninashika fimbo kwanza, kuuliza baadaye.

Tulipofika hapa, Yaya hakukaa sana kambini. Damu ya biashara ilimuvuta Lilongwe, akapata kachumba kule Mtandire, ukingoni mwa muji, akawa ananunua mafuta na soda ya kupikia sabuni na kutuletea. Juu sisi hapa kambini tulikuwa tunapika sabuni.

Mwenye kujua sabuni alikuwa Mama Konsolata. Mama huyu ni Murundi wa Gitega, mujane, mukristu wa kweli. Bamasera, bale basista ba kwao, njo balimufundisha. Alikusanya bamama sita, na mi nikawa wa kukoroga pipa na wa kuandika. Bakubwa ba kambi balitupatia chumba kimoja cha zamani. Muntu yeyote wa Dowa atakuambia: Dzaleka mbele ya kuwa kambi ilikuwa gereza. Chumba chetu kilikuwa na kadirisha kadogo ka vyuma, juu kabisa, na kwenye ukuta bafungwa balikuwa bamechora mistari, mistari, mistari... Mama mumoja alikataa kuingia. Alisema hapa pametoka machozi mengi, kazi ya hapa itatoa mengine. Nilicheka mpaka nikajishika tumbo. Leo ninakumbuka ule mama na sichekake tena.

Mama Konsolata alikuwa na sheria moja tu. Sabuni ikishapikwa, ikishakatwa na waya, inakaa juu ya mbao juma nne kusudi soda ikufe ndani yake. Kisha yeye mwenyewe anachukua kipande kimoja kwa kila pipa, anakiweka kwa ulimi. Ndiyo, ulimi! Sabuni ikiwa na soda nyingi inakupiga ulimi kama vile unavyoonja jiwe la radiyo, ile betri. Ikiwa nzuri, unasikia tu chumvi kidogo na mafuta. Bila ulimi wa Mama Konsolata hakuna sabuni iliyotoka mule ndani. Hata kipande cha kufulia soksi!

Sasa, kulikuwa na shirika moja la kimataifa lililogawia bakimbizi vitu. Jina lake silitaji, halina kosa. Kila mwezi sabuni ilitoka mbali na malori. Siku moja, niko katika mustari ya kungojea, kichwa changu kikawaka. Mi niko hapa ninangojea sabuni ya mbali, na nyumba ya tatu nyuma yangu sabuni inapikwa! Juu ya nini basinunue kwetu?

Niliuliza, nikaulizia, nikagonga kila biro, kila ofisi. Balinifukuza mara mbili. Mara ya tatu mulinzi akaniambia, "Achimwene, kaka, wewe unachoka lini?" Nikamujibu, "Siku mutaninyamazisha na komande, na oda ya sabuni." Mwisho nikaonyeshwa Madamu Chisomo, mama wa Malawi, mupole, miwani kwenye kamba, yeye njo alikuwa anahusika na kununua. Akanielezea vizuri. Shirika linaweza kununua kwa bantu badogo, lakini si kwa huruma. Balitaka majina yetu yote, mahali tunafanyia kazi, na kipande cha mfano, sisi tunakiita eshantiyo. Na kwamba yeye atakuja kuona na macho yake.

Barua niliiandika mara tatu. Maneno ya A na B niliyazunguka kama muntu anavyozunguka shimo.

Alikuja. Madamu aliangalia pipa, akaangalia mbao, akagusa waya ya kukatia. Kisha akauliza, "Na nani anapima? Muko na mashine?"

Nikamutafsiria Mama Konsolata, juu Kizungu yeye hakujua hata kidogo, mi njo nilikuwa mudomo wake. Mama aliinama kwenye mbao. Alichukua sabuni, akatoa ulimi, akaonja, akamunyooshea Madamu kile kipande. Bamama bakaanza kucheka chini chini. Nikasema, "Madamu, mashine yetu njo hii. Haitumie umeme, na inasali rozari kila siku!"

Madamu Chisomo alicheka, akafuta miwani, na kisha... akaonja! Mama Konsolata akapiga makofi. "Huyu ni muntu," akaniambia na Kirundi chake. "Huyu tutafanya naye kazi."

Eshantiyo ilikatwa nusu mbili. Nusu moja Madamu aliiweka ndani ya bahasha, nusu ingine tukaifungia ndani ya kopo, ukutani. Tukatia sinyature, sahihi zetu. Kontra, ule mukataba, ilisema sabuni itapikwa pale pale Dzaleka, na mikono ya bamama balioandikwa, ifanane na eshantiyo. Na kama kitu chochote kimebadilika, hata kidogo, tubaambie mbele. Madamu alinifanya nisome ile ya mwisho kwa sauti. "Radiyo, umeielewa?"

"Madamu, nimeelewa hata ile haujaandika!"

Mudomo huu... Mungu angeushona siku ile ile.

Komande ya kwanza ilikuwa ndogo, ikaenda vizuri. Bamama balinunua vitenge vya kufanana. Mi nilitembea kambini kama waziri. Kisha ikaja ya pili. Bantu bapya balikuwa banafika kila juma, na shirika likataka sabuni mara nne ya ile ya kwanza, ndani ya miezi miwili!

Mama Konsolata alihesabu kwa vidole, taratibu, akaniambia, "Mwanangu, tunaweza nusu. Enda umuambie yule mama, nusu sasa, nusu ingine baadaye. Atasikia."

Jambo rahisi vile! Kwenda biro, kusema tunaweza nusu. Unadhani nilienda? Nilipanda gari nikaenda Mtandire kwa Yaya Assumani.

Yaya alinisikiliza, akatikisa kichwa. Alisema bazungu bakisikia nusu banaenda usini, kwenye kiwanda, na hautabaona tena. Alisema yeye atapika ile ingine pale Mtandire, nyuma ya nyumba, na dawa ile ile, na pipa kama letu. "Utaandika yote ilipikwa kambini. Sabuni ni sabuni. Ama haumuamini aliyekubeba?"

Nikasema, "Yaya, hata usimalize."

Siku ile, bandugu, niliona kitu, na sikukiona. Tulikuwa tumekula nsima na samaki, nikaomba sabuni ya kunawa. Bibi ya Yaya akaniletea moja ya usini, ya dukani, ndani ya karatasi ya kijani. Nikamutania: "Shemeji! Munapika sabuni na munanawa na ya bantu bengine?" Yule mama hakucheka. Aliangalia Yaya. Yaya aliangalia sahani.

Nilinawa, nikapangusa mikono, nikarudi Dzaleka ninaimba.

Juma tano zikapita. Sabuni ya Mtandire ilifika asubuhi moja na pikapu, imefungwa na magazeti. Tulipofungua kasha la kwanza, gazeti lilivunjika mukononi mwangu kama jani kavu. Lilikuwa limegeuka kahawia, herufi hazisomeki. Na sabuni zenyewe... zilikuwa nyeupe sana, ngumu, na juu yake matone. Kama jasho! Sabuni ilikuwa inatoka jasho ndani ya chumba cha baridi.

Yaya Assumani alisimama mulangoni, mikono mufukoni. Mama Konsolata akainama, akachukua kipande kimoja, akakisogeza kwenye mudomo wake.

Nilimushika mukono.

Ndiyo, mi! Nilimushika mukono mama wa umri wa mama yangu, mbele ya bantu. Nikapiga kelele. Nilimuambia hii ni sabuni ya ndugu yangu, si ya mwizi! Nilimuambia kwetu muntu haonje chakula cha ndugu yake kutafuta sumu, kumuonjea mbele ya bantu ni kumuita muuaji. Nilimuambia huyu muntu alinibeba mugongoni siku mbili, na we ulinibebaka wapi? Nilisema mengi. Nilisema hata juu ya bamasera bake, maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Na nilikuwa ninangojea Yaya aseme, "Muache aonje, hakuna shida." Hakusema. Aliangalia dirisha la vyuma.

Mama Konsolata aliweka sabuni chini. Alipangusa vidole na kitenge, kimoja kimoja, akasema pole pole, "Sawa, mwanangu. Lakini ulimi wangu hauko ndani ya hii."

Akatoka, akakaa inje kwenye jiwe. Nilitosheka. Nilidhani nimelinda heshima ya jamaa!

Siku ya pili yake Madamu Chisomo alikuja kupokea. Alifungua makasha mawili ya juu, yale tuliyopika sisi. Nilikuwa nimeyapanga juu. Alitoa nusu yake ya eshantiyo, akalinganisha, akafurahi. Kisha akaangalia Mama Konsolata aliyekaa inje, akaniuliza na Kizungu, "Mayi Konsolata ameonja yote?"

Nikasema, "Ndiyo, Madamu."

Mama Konsolata aliinua kichwa. "Radiyo, ameuliza nini?"

Nikamujibu, "Ameuliza kama uko muzima."

Na yule mama muzuri akatabasamu, akamupungia Madamu mukono, akamushukuru na Kichewa, "Zikomo, zikomo." Mungu wangu!

Nikatia sinyature. Makasha yakaingia stoo. Siku ya kugawa ikatangazwa.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokutana. Juma lile lile dada yangu Mwamini alizaa mutoto, binti, muzaliwa wa kwanza. Bwana yake alikuwa kule Kauma, Lilongwe, anabeba matofali, akaja mbio. Kwa sisi Baislamu ba Maniema, siku ya saba mutoto ananyolewa nywele za tumboni na anapewa jina. Na siku ya saba ilianguka juu ya ile ile siku ya kugawa sabuni. Asubuhi, bantu banapanga mustari kule stoo, sisi tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba ya Mwamini, tunangojea bibi mumoja muzee wa Kindu anyoe.

Wembe ulikuwepo. Maji ya vuguvugu yalikuwepo. Bibi akauliza, "Sabuni?"

Nani akasimama? Mi! Nilikuwa nimeweka moja pembeni, ya Mtandire, nyeupe, nzuri, nimeifunga na kitambaa. Nikasema kwa sauti kubwa bantu bote basikie: "Mutoto wa dada yangu atanyolewa na sabuni ya bajomba bake!" Bantu bakapiga vigelegele. Mwamini alinitazama na macho ya furaha. Yale macho ninayaona mpaka leo.

Bibi alipaka kichwa cha mutoto. Mikono yake ilikuwa migumu ya kazi ya miaka, haikusikia kitu. Akanyoa. Mutoto akalia. Tukacheka, juu batoto bote banalia bakinyolewa, si njo vile? Tukaimba kwa nguvu zaidi. Povu likashuka kwenye paji la uso. Bibi akamwaga maji. Mutoto alilia sauti ingine, sauti sijasikiaka kwa kitu chochote kinachopumua. Tukaimba bado...

Mwamini njo alisimamisha wimbo. "Nyamazeni! Nyamazeni!" Akamunyakua mutoto. Kichwa chake kilikuwa chekundu kama nyama. Jicho la kuume lilikuwa limefungwa, linavimba mbele ya macho yetu.

Bibi muzee aliangalia mikono yake. Akaangalia sabuni. Bote baliangalia mi.

Niliokota ile sabuni kwenye mavumbi. Nikafanya kile nilichomukataza Mama Konsolata. Nikaiweka kwa ulimi, si kwa ncha tu, nililamba pale kwenye jasho lake, kwa hasira, juu bado kulikuwa na kitu ndani yangu kilichosema si kweli, si Yaya.

Moto! Si chumvi, si jiwe la radiyo. Moto mutupu.

Na nikakumbuka mustari ya stoo.

Bandugu, kutoka pale mpaka stoo ni kama dakika kumi kwa miguu. Nilikimbia. Na njiani, nisibafiche, roho ilikuwa inaniambia: nyamaza. Sema mutoto amepata ugonjwa. Ukisema, kontra imekufa, bamama saba banarudi kukaa bure, na Yaya atafungwa, yule aliyetembea bila viatu. Roho ilikuwa inasema vile na miguu ilikuwa inakimbia. Ninashukuru miguu.

Bamama bengi balikuwa kwenye mustari, batoto mugongoni. Ba mbele balikuwa bameshapokea na kwenda. Nikaruka meza ya kugawia. Nikapiga kelele, "Simamisheni! Hii sabuni inachoma!" Mulinzi akanishika shingo. Bantu bakacheka: "Radiyo leo imeharibika!" Madamu Chisomo akatoka stoo na karatasi mukononi.

Nikamuambia yote, pale pale, mbele ya mustari muzima. Kwamba nusu haikupikwa Dzaleka. Kwamba Mama Konsolata hakuonja. Kwamba aliponiuliza nilimudanganya, na Mama aliponiuliza nilimudanganya pia. Aliniangalia kama haelewi. Basi nikachukua sabuni mupya ndani ya kasha, nikaweka tena kwa ulimi, mbele yake. Damu ikatoka.

Alitupa karatasi chini. "Fungeni stoo!"

Mama Konsolata alikuwa mule mule kwenye mustari. Alisikia. Alifunga kitenge chake vizuri, akaita bamama bake, bakaanza kupita nyumba kwa nyumba kurudisha zile zilizokwisha kutoka. "Musinawe! Musioshe batoto! Rudisheni!" Yeye, ambaye ulimi wake haukuwa ndani! Balizipata karibu zote. Mama mumoja alichomwa mikono. Bakapona bengine. Yule ambaye hakupona ni wa nyumbani kwangu.

Gari la shirika lilitupeleka hospitali ya Lilongwe, mi, Mwamini, bwana yake na mutoto. Njia nzima Mwamini hakuniangalia. Daktari alikaa na mutoto kwa muda murefu, kisha akatuambia kichwa kitapona. Juu ya jicho alisema neno moja la Kizungu, linaanza na B.

Diksionere yangu haina B.

Nikamugeukia Madamu Chisomo aliyekuwa ametufuata. Niliuliza na mukono tu, juu ulimi ulikuwa umeshajaa mudomo, sikuweza kutoa sauti. Akavua miwani. Akafunika jicho lake moja na kiganja.

Siku mbili nyuma yake nilienda Mtandire. Nilikuwa na mambo elfu ya kumuambia Yaya Assumani, na sikuweza kusema hata moja. Radiyo bila sauti! Nilimukuta anafunga mizigo. Nyuma ya nyumba pipa lilikuwa limelazwa, tupu. Kwenye karai ya kunawia kulikuwa na ile sabuni ya karatasi ya kijani. Niliinyooshea kidole. Tu. Nikakaa nimenyoosha kidole.

Bibi yake aliingia ndani, akafunika uso.

Yaya akaanza kusema mwenyewe. Kwamba mafuta yalipunguka na hakutaka kunivunja moyo. Kwamba aliongeza soda na maji, akaona inashika, inakatika, inapendeza. Kwamba juma nne hazikufika, alitoa baada ya juma moja. Kwamba ilimuchoma vidole, lakini alidhani itatulia njiani.

Alijua! Alikuwa amesimama mulangoni, mikono mufukoni, kumbe ameficha vidole...

Nilitaka kumushika shingo. Nilisogea. Na yeye hakurudi nyuma, akaniambia:

"Radiyo, mi sikukataza muntu kuonja. We njo ulikataza."

Kisha akachukua muzigo wake, akatoka. Banasema alivuka kwenda Zambia. Sijui. Sijamuona tena. Mugongo ule nilioulalia siku mbili niliuona unaenda, unapotea kati ya nyumba za udongo, na hata kumuita sikuweza.

Shirika lilivunja kontra. Balikuwa na haki. Makasha yote yalizikwa, pamoja na yale mazuri tuliyopika sisi, juu hakuna aliyethubutu tena kusema ipi ni ipi. Bamama saba bakarudi kukaa mbele ya nyumba na vitenge vyao vya kufanana. Kambi nzima ilijua ni juu ya nani. Nikipita, bantu balikuwa banatoa ulimi inje. Sikupigana na hata mumoja.

Mama Konsolata alinipokea tena kukoroga pipa, baada ya miezi. Nilienda kupiga magoti, akaniambia, "Simama, pipa haikorogwe na magoti." Sasa tunapika kidogo, tunauzisha soko ya Dowa Boma. Juzi Madamu Chisomo alikuja, siku ya pumziko yake, bila gari la kazi. Alinunua mbili za nyumbani kwake. Mbele ya kuziweka ndani ya mufuko alionja, zote mbili. Akasema labda, labda, batajaribu tena na komande ndogo. Lakini atakayeonja njo atatia sinyature mwenyewe, hata kama ni alama ya kidole, na muntu mwingine wa kutafsiri atatafutwa. Mi nilisema ndiyo mbele hajamaliza. Hata kuonja siwezi tena. Ncha ya ulimi wangu imekufa, haisikie chumvi wala sukari.

Bandugu basomaji, mwenye kazi ndogo kama yetu, mwenye kutamani shirika kubwa linunue kwake: fanya, enda, gonga mulango, ninakuomba usiogope. Lakini kama unaweza nusu, sema nusu! Mimi niliogopa aibu ya neno moja dogo, na sasa ninabeba aibu ambayo haina neno. Kama kitu kimebadilika, sema mbele, hata kama ndugu yako atakasirika. Na ukimupenda ndugu yako, onja kazi yake mbele ya bantu, onja kwanza we mwenyewe. Ndugu wa kweli atakunyooshea kipande. Akiangalia dirisha, simamisha kila kitu pale pale, hata kama alikubeba kutoka Kigoma mpaka mwisho wa dunia!

Jina balilomupa mutoto ni Zaina. Sasa anatembea. Mwamini hajanitukana hata siku moja, lakini anamuosha na maji matupu, na nikiingia ananisogezea kiti. Ninakihamisha. Ninakaa upande wa kushoto wa mutoto, kila siku, kusudi asisumbuke kugeuza kichwa. Ule njo upande ananiona.